Askofu Aliyewashitaki Wenzake

(Hotuba kwa vijana wa madhehebu mbalimbali, Muheza, katika Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo)

Kusimama mbele ya mkusanyiko kama huu kuna tabu yake. Nikisema "Bwana Yesu asifiwe", Wakatoliki watanijibu kwa adabu tu. Nikisema "Tumsifu Yesu Kristo", walokole watanitazama mara mbili wajue nimetokea wapi. Sisi Waanglikana wa huku tuna zote mbili, basi nazitoa zote mbili. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni, naona mmejibu vizuri, hata wale wa nyuma kule waliosubiri ya pili.

Baba Padre, wachungaji, masista, wazee wa kanisa, vijana wangu.

Nimepewa mada ya kumpenda na kumpokea mtu tusiyekubaliana naye. Mada hii ikifika mimbarini mara nyingi hulainishwa mpaka inabaki haina mfupa. Tupendane, tuvumiliane, Mungu ni mmoja, haleluya, twende tukale. Ukitoka nje tu unakutana na shemeji yako aliyewahi kukuambia kwamba ubatizo wako wa utotoni ulikuwa kuoshwa uso, na mahubiri yote yanayeyuka pale pale. Kwa hiyo leo nataka tuwatazame watu waliogombana kweli kweli, Wakristo, maaskofu, kwa jambo ambalo kila upande uliliona ni la imani yenyewe. Ugomvi wao haukuisha. Mmoja wao, Askofu Frank Weston, amefia hapa hapa kwetu, Hegongo, Magila, Novemba 1924, na naona ni aibu kwamba vijana wa Muheza hawamjui.

Mwezi Juni 1913, kule Kikuyu nchini Kenya, kwenye misheni ya Waskoti pale Thogoto, walikutana wamisionari wa makanisa kadhaa ya Kiprotestanti. Walikuwapo Waanglikana wa misheni ya CMS, Wapresibiteri wa Kanisa la Uskoti, watu wa Africa Inland Mission, Wamethodisti na wengine. Shida iliyowakutanisha tunaijua hata sisi. Kijana kabatizwa na kanisa moja huko Pwani, anapanda treni kwenda Nairobi kutafuta kazi, na kule kanisa la jirani halimtambui. Mwingine kwao ametengwa kwa kuoa mke wa pili, anahamia eneo la misheni nyingine na huko anapokewa kama mgeni wa heshima. Kila misheni ilikuwa na masharti yake ya katekisimu, masharti yake ya ndoa, masharti yake ya pombe. Wakapanga shirikisho: watambuane, wafundishe kwa kipimo kinachofanana, wasiingiliane maeneo. (Wakristo Waafrika ambao mambo haya yote yalikuwa juu yao hawakuwa na sauti ya maana katika mipango hiyo. Nalisema hili kwa mabano, lakini mabano haya ni makubwa.)

Mkutano ulipokwisha, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana kwa taratibu za Kianglikana ndani ya kanisa la Waskoti. Mhubiri alikuwa Mpresibiteri. Wengi wasio Waanglikana walishiriki. Askofu Willis wa Uganda alikuwa pamoja nao. Nafikiri walirudi makwao wakiwa na furaha.

Habari zikafika Unguja, kwa Askofu Frank Weston.

Weston alikuwa wa UMCA, misheni iliyoleta Uanglikana wa ubani na kengele huku kwetu Tanga, Unguja na kusini. Kanisa lake kuu, Mkunazini, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Alikisema Kiswahili vizuri na aliishi kwa ukali juu ya nafsi yake. Kwake yeye askofu hakuwa mwenyekiti wa kamati. Bila askofu aliyewekewa mikono katika mfululizo unaotoka kwa mitume, aliamini hakuna upadre kamili, na bila upadre hakuna Ekaristi kama Kanisa lilivyoipokea. Sasa amesikia kwamba maaskofu wenzake wawili wamefanya mapatano na makanisa yasiyo na maaskofu, na wameshiriki pamoja mezani kana kwamba hakuna kitu katikati yao. Akaandika barua ya wazi. Humo alisema Kanisa la Uingereza limevurugikiwa na mawazo kiasi kwamba halifai kupeleka wamisionari kwa Waislamu wala kwa watu wengine. Kisha akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashitaki Peel na Willis kwa uzushi na mafarakano. Alitaka wakane waliyoyafanya, au wahukumiwe.

Uzushi, vijana wangu! Neno hilo huwezi kumwambia mwenzako halafu ukamwuliza habari za nyumbani.

Magazeti ya Uingereza yalilishika jambo hilo kwa miezi, na Kikuyu, mahali ambapo wasomaji wengi wa kule hawakuwa wamewahi kupasikia, pakawa pa kubishaniwa mpaka mezani pa chai. Davidson hakukubali kufanya kesi ya uzushi. Alilipeleka suala kwa baraza la ushauri la maaskofu, likakaa Julai 1914, na mwaka 1915 akatoa kauli yake, kauli ya mtu anayetembea juu ya mayai. Mhubiri wa kanisa jingine anaweza kualikwa, lakini ibada ya namna ile ya Kikuyu isirudiwe. Wachekeshaji wakaifupisha: eti Canterbury imeona kwamba jambo lile lilimpendeza Mungu sana, na kwamba lisitendeke tena kamwe.

Mimi nilipoanza kusoma habari hizi nilidhani nimeshajua mwema na mbaya. Watu wa Kikuyu ndio wenye upendo, Weston ndiye mwenye roho ngumu. Wengi wenu nadhani mmeshamhukumu hapo mlipo. Subirini kidogo.

Vita vya kwanza vya dunia vikaja Afrika Mashariki, na majeshi yakahitaji wapagazi. Mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, mpaka leo. Watu walichukuliwa kwa maelfu wabebe mizigo ya jeshi, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Mwaka 1916 Weston aliunda kikosi cha wapagazi wa Unguja, akapewa cheo cha meja, akavuka nao kuja bara, akatembea nao kwa miguu. Mwaka uliofuata, Dk. John Arthur, kiongozi wa misheni ile ile ya Waskoti kule Kikuyu ambako ibada ilifanyika, naye aliongoza kikosi cha watu wa misheni kwa kazi hiyo hiyo. Hawakutembea pamoja. Sitaki kuwapamba kwa hadithi ya kukumbatiana njiani. Lakini watu waliokuwa hawawezi kupiga magoti kwenye meza moja waliona wajibu ule ule juu ya mpagazi yule yule.

Mwaka 1918 wamisionari walikutana tena Kikuyu. Weston alikwenda. Hapo ndipo mimi hukaa sana ninapoisoma habari hii. Mtu aliyewaita wenzake wazushi mbele ya dunia nzima anasafiri kutoka Unguja mpaka Kikuyu, anaingia katika nyumba ya wale wale, anaketi. Na wao wanampokea. Sijui kama ningekuwa Mskoti wa mwaka 1918 ningempa hata kiti.

Hakwenda kuomba radhi kwa imani yake. Msimamo ule ule: pasipo uaskofu hakuna muungano. Ila safari hii alikuja na jambo la kuwapa. Makanisa yale yakikubali uaskofu kwa namna fulani, na wachungaji wao wakakubali kuwekewa mikono, yeye naye alikuwa tayari kusimama mbele ya makusanyiko yao na kupokewa rasmi kwa namna wanayoona inafaa. Maana yake, mimi askofu nitainamisha kichwa kwenu, ninyi nanyi inamisheni kwangu. Mwaka 1920, maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, na kutoa wito kwa Wakristo wote juu ya umoja, wazo la kupokeana kwa pande zote mbili lilikuwamo, na Weston alikuwa mmoja wa waliousukuma wito ule.

Pale Kikuyu hawakuungana. Wale wengine waliendelea na ushirikiano wao, na kutokana na ushirikiano huo ikazaliwa shule ya Alliance mwaka 1926, ambayo Mkenya yeyote atakueleza habari zake hata kama hukumwuliza.

Lakini kisa hakijaisha. Oktoba 1919 serikali ya Kenya chini ya Gavana Northey ilitoa waraka uliowataka maofisa wawahimize Waafrika wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua kuhimizwa na chifu kulikuwa na maana gani. Viongozi wa Kikristo walijibu: Willis wa Uganda, askofu mpya wa Mombasa, na Dk. Arthur. Waliukosoa waraka, lakini walikubali kwamba kazi ya lazima inaweza kuruhusiwa, mradi iwekwe wazi kisheria na kwa masharti. Weston hakukubali hata robo yake. Mwaka 1920 aliandika kijitabu cha hasira akisema kumlazimisha mtu kazi ni kumfanya mtwana, na hakujali cheo cha yeyote aliyekuwa upande wa pili. Mtu ambaye kanisa lake limesimama juu ya soko la watumwa hakuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Sasa niambieni nani mwenye roho ngumu. Mwaka 1913 wengi wetu tungesimama na watu wa Kikuyu. Mwaka 1920 ningesimama na Weston bila kupepesa. Ukali ule ule uliomfanya asikubali maneno nusu nusu juu ya Ekaristi ndio uliomfanya asikubali maneno nusu nusu juu ya kazi ya kulazimishwa. Kama wenzake wangekuwa wamemfuta mwaka 1913, wakamwita mshupavu, wakaziba masikio, nani angewaambia ukweli huu kwa sauti ile? Nawaomba mlifikirie hilo mnapomtoa mtu moyoni kwa sababu ya jambo moja. Yule anayekuudhi kwa msimamo wake juu ya ubatizo wa maji mengi huenda ndiye pekee katika ukoo wenu atakayekataa kutia sahihi hati ya kumdhulumu mjane kiwanja.

Paulo aliwaandikia Warumi, watu waliokuwa wakigombana juu ya vyakula na siku: "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine? Kwa bwana wake mwenyewe yeye husimama au huanguka." Na mbele kidogo: "Kwa hiyo mkaribishane ninyi kwa ninyi, kama naye Kristo alivyotukaribisha." Angalieni kwamba hakuwaambia wamalize kwanza hoja ya nyama. Yeye mwenyewe alikuwa na upande, na anausema katika sura hiyo hiyo: hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Ana jibu, analijua, analitaja, na bado anamwambia mwenye jibu sahihi amkaribishe asiye nalo. Na Paulo si mtu wa kufunika mambo. Petro alipojitenga na watu wa mataifa mezani kule Antiokia, Paulo anasema, "nalishindana naye uso kwa uso." Na Barnaba? Waligombana juu ya Marko mpaka wakatengana, kila mtu na njia yake. Miaka inapita, Paulo yuko kifungoni anamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Maelezo ya jinsi walivyopatana hatukupewa, na mimi naona afadhali. Tungeyageuza kuwa semina.

Huku kwetu tuna watani. Mtani anakuja msibani anakuambia maneno ambayo ndugu yako hathubutu kukuambia, anamchambua marehemu mbele ya jeneza, na mtani huyo huyo ndiye anayehangaika na shughuli za maziko mpaka jioni. Ulimi na mikono vyote vimo kazini. Makanisani kwetu tumebaki na ulimi. Tunasemana, tena pembeni, kwenye kundi la WhatsApp ambalo msemwa hayumo, na mikono hatunayo tena.

Niseme juu ya misiba basi, kwa sababu huko ndiko madhehebu yanakotuumbua. Mmeyaona. Mama Mkatoliki amefariki, watoto watatu wameokoka na wanasali kanisa jingine. Padre anakuja kusoma misa, watoto wanasimama nje chini ya mwembe, mikono nyuma, kana kwamba wamekuja kuangalia nyumba ya kupanga. Au upande wa pili: binti mlokole amefariki, na ukoo unakataa mchungaji wake asiseme hata neno moja, "huyu alibatizwa Katoliki, tutamzika Katoliki, mchungaji akae na wageni." Majirani zetu Waislamu wamekuja, wamekaa kwenye jamvi, wamesaidia kubeba jeneza, na wanatutazama sisi watu wa Yesu mmoja tunavyogombania maiti.

Mimi nasema hivi. Wewe uliyeokoka, kama dhamiri yako haiwezi kuitikia sala ya kumwombea marehemu, usiiitikie. Hakuna anayekulazimisha mdomo. Lakini ingia ndani, keti karibu na shangazi yako, imba wimbo unaoujua, chota maji, kaa usiku kucha na wafiwa, kula kilichopikwa. Na wewe Mkatoliki mwenzangu wa mtaa mmoja, mpe mchungaji dakika zake tano za kusema alivyomjua marehemu. Hazitabomoa Roma. Mwili wako uwepo, na mdomo wako usidanganye. Ukiweza hayo mawili kwa pamoja, umefanya jambo ambalo wasomi wa elimu ya dini wanalihangaikia.

Kuna wenye wasiwasi kwamba kumpokea mtu ni kuyabariki yote anayofanya. Wasiwasi huo ni wa haki, na nitaujibu kwa ufupi kwa sababu hauhitaji maneno mengi. Anayempiga mke wake hana "mtazamo tofauti". Kiongozi aliyekula michango ya ujenzi wa kanisa hana "mtazamo tofauti". Aliyemharibu mtoto hana "mtazamo tofauti". Hayo yana polisi, yana mahakama, na yana nidhamu ya kanisa, na mtu yeyote atakayesimama na Warumi 14 mkononi kumtaka mwathirika "amkaribishe" mtu wa namna hiyo anatumia Neno la Mungu kama kitasa cha kufungia mlango. Mimi nasema juu ya watu wanaotafuta kumtii Mungu kwa dhati na wakafika mahali tofauti na pangu. Wamo pia wale waliofika mahali pa kutomwamini tena, na hao tusiwatoe kwenye hesabu.

Tena kumpokea mtu hakukatazi kumgeuza mawazo. Nawasikia vijana wa siku hizi mkisema "kila mtu na imani yake", na mkishasema hivyo mmemaliza. Hilo naliona ni uvivu uliovaa suti. Weston hakusema kila mtu na imani yake. Alisafiri. Kama kweli naona ndugu yangu amekosea juu ya jambo la Mungu, nimwendee, nikae kwake, nimsikilize mpaka niweze kuyaeleza mawazo yake vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe aseme "hapo umenielewa", ndipo nimpinge.

Kanisa langu limeishi na jambo hili kwa muda mrefu. Upande wa UMCA na ubani wetu, upande wa CMS na uamsho wao, wale waliokuwa wakitutazama kama nusu wapagani nasi tukiwatazama kama watu wasiojua kuvaa, tuliwekwa katika jimbo moja la Afrika Mashariki mwaka 1960, na Tanzania ikawa jimbo lake mwaka 1970, John Sepeku, mtu wa upande wetu, akiwa askofu mkuu wa kwanza. Ubani haukuhamia Dodoma, kwa watu wa CMS, kwa wingi, na mikutano ya uamsho haikuhamia kwetu kwa wingi. Kwenye sinodi tunabishana mpaka chai inapoa. Lakini askofu wa kule akija huku anaongoza Ekaristi, na wa huku akienda kule vile vile, na mabishano yanaanza upya kikao kinachofuata. Sioni kwamba tumeshindwa.

Naambiwa dakika zangu zimekwisha, na kuna maswali yameletwa kwenye karatasi. Nitajibu mawili.

La kwanza: "Kaka yangu ameacha kanisa kabisa, anasema hayo mambo ni ya wazungu. Tukikutana niongee naye nini?" Ongea naye habari za watoto wake, za kazi yake, za mama yenu. Mwalike Krismasi kama ulivyokuwa ukimwalika. Akileta mwenyewe habari ya wazungu, usikimbie. Mwambie kuna mzungu mmoja amekufa Magila aliyewapigania Waafrika na kuwachefua wazungu wenzake, na mwambie pia kwamba mkutano wa 1913 uliwagawa Waafrika bila kuwauliza, kwa hiyo hasira yake haijatoka hewani. Kisha msikilize. Usimshike mkono kwa nguvu umwombee barabarani.

La pili limekaa vibaya kidogo. Linauliza kwa nini Wakatoliki wanamwomba Maria, limeandikwa kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Hilo si langu, na mwenyewe yupo. Baba Padre, karibu, kipaza sauti hiki hapa. Na wewe uliyeandika, usijifiche nyuma ya nguzo, njoo mbele hapa uketi naye, umwulize uso kwa uso, tena kwa herufi za kawaida.